Laini za Kilomita Moja: Jinsi Ndege Ilivyoanza Kusoma Miamba

Kati ya kazi zilizofanyika nchini mwetu miaka ya 1970, iko moja ninayoiheshimu kuliko nyingi zilizowekewa mawe ya msingi na kuzinduliwa kwa ngoma. Kuanzia 1977 hadi 1980, ndege za kampuni ya Geosurvey International ziliruka juu ya karibu Tanzania nzima, laini baada ya laini, kila laini ikiachana na mwenzake kwa kilomita moja, mita 120 tu kutoka ardhini. Ndani ya ndege mlikuwa na chombo cha kupima nguvu ya sumaku ya dunia na kingine cha kupima mionzi inayotoka kwenye miamba. Nchi kavu ya Tanzania ina zaidi ya kilomita za mraba 880,000. Ukiikata yote kwa laini za kilomita moja unapata safari ya kilomita zaidi ya laki nane, yaani kuizunguka dunia zaidi ya mara 20, na rubani yuko chini kiasi cha kuona kuku wakitawanyika uani.

Mimi ni mjiofizikia. Nimezisoma ramani zilizotokana na safari hizo tangu nilipoajiriwa, na baadaye nikawafundisha vijana kuzisoma. Nimegundua kwamba hata wasomi wetu wengi, hata wachimbaji wanaoishi juu ya miamba ileile, hawajui kwamba ramani hizo zipo, wala hawajui chombo kilichozizaa kilitoka wapi. Ndiyo maana naandika.

Dunia yenyewe ni sumaku. Nguvu yake hupimwa kwa nanotesla, na hapa kwetu ni kama 33,000. Miamba yenye madini ya magnetiti huongeza au kupunguza kidogo nguvu hiyo mahali ilipo: mara nyingine nanotesla kumi, mara nyingine mia kadhaa, na juu ya mwamba wa chuma kama ule wa Liganga, Ludewa, tofauti ni kubwa mno. Tofauti hiyo tunaiita anomali. Kuipata kutoka kwenye ndege inayotetemeka, yenye injini za chuma na nyaya za umeme, ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya harusi huku ngoma inapigwa. Historia yote ya kazi hii ni historia ya kujifunza kuusikia mnong'ono huo.

Wa kwanza kusikiliza walikuwa wachimbaji wa Sweden. Katika karne ya 17 walitembea msituni na dira za pekee, wakitazama sindano inavyovutwa chini, wakachimba chuma pale ilipozama. Mwaka 1879 Robert Thalén wa Uppsala akaandika kitabu cha namna ya kupima miamba ya chuma kwa sumaku, na kuanzia hapo ufundi wa mikono ukawa somo la hesabu. Huko Urusi, mnajimu Pyotr Inokhodtsev aliona mwaka 1773 kwamba dira zinapotoka karibu na mji wa Kursk. Ilichukua miaka 150 mpaka tundu la kuchoronga lilipofika kwenye chuma hicho, mwaka 1923. Chanzo cha ucheleweshaji huo ni miguu. Mtu anayepima kwa kutembea, kituo kwa kituo, akisawazisha chombo chake juu ya miguu mitatu kila anaposimama, hawezi kuimaliza nchi.

Mrusi mwingine, A. A. Logachev, alipandisha kipimo kwenye ndege mwaka 1936. Kikafanya kazi, lakini hakikuweza kuona tofauti ndogo. Kilifaa kwa milima ya chuma tu. Hatua iliyobadilisha kila kitu ilitoka Pittsburgh, Marekani, katika maabara ya utafiti ya kampuni ya mafuta ya Gulf, na ilitoka kwa mtu aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1907, ambaye familia yake ilikimbia mapinduzi ya Urusi. Jina lake Victor Vacquier.

Kifaa cha Vacquier ni rahisi kukieleza. Chukua vijiti viwili vya aloi inayoshika sumaku upesi na kuiachia upesi. Vizungushie nyaya kwa namna ambayo umeme unaobadilika mwelekeo utavisukuma kinyume, kimoja huku, kingine kule, mpaka vishibe. Kama hakuna sumaku nyingine karibu, vijiti hivyo vinafutana na huoni kitu. Sumaku ya dunia ikiingia, kimoja kinashiba mapema kuliko mwenzake, na pale kwenye tofauti ya nukta hiyo ndipo kipimo kinapotoka. Mafundi waliongeza vifaa vingine viwili vya aina hiyo hiyo, vilivyounganishwa na mota ndogo, ili vikigeuze kile kikuu kielekee daima upande wa sumaku ya dunia hata ndege ikiyumba. Sasa waliweza kuona nanotesla moja au mbili kati ya makumi elfu.

Vacquier alikuwa akifanya kazi kwa ajili ya watafuta mafuta, lakini vita ilimkuta njiani. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli katika Atlantiki, na nyambizi ni kipande kikubwa cha chuma. Jeshi la wanamaji la Marekani likakichukua kifaa. Kazi yake inayokumbukwa zaidi ilifanyika kutokea Afrika. Kikosi cha ndege za Catalina kiitwacho VP-63, kilichokaa Port Lyautey, Moroko, kilipewa jukumu la kuziba mlango wa Gibraltar. Nyambizi zilikuwa zikipita pale zimezama, zikibebwa na mkondo, na macho hayakuziona. Tarehe 24 Februari 1944, Catalina zilizokuwa zikienda na kurudi juu ya maji zilipata ishara kwenye karatasi ya kipimo. Chini yao ilikuwa U-761. Ikashambuliwa na kuzama siku hiyo hiyo.

Nawaeleza wanafunzi wangu kisa hiki kwa sababu kina somo la fizikia. Nguvu ya sumaku ya kitu kama nyambizi hupungua haraka sana kadiri unavyoachana nacho: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Catalina zililazimika kuruka chini, karibu kugusa mawimbi. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyowaweka marubani mita 120 juu ya Tabora na Singida. Ukiruka juu zaidi, mwamba mdogo unapotea.

Wanajeshi ndio waliowalazimisha mafundi kuisafisha ndege. Mwanzoni kipimo kilining'inizwa nyuma kwa kebo ndefu, ndani ya chombo chenye umbo la bomu, mbali na injini. Halafu Walter Tolles na wenzake wakatengeneza njia ya kuifuta sumaku ya ndege yenyewe kwa koili zenye umeme, zikisahihisha kila mara ndege inapoinama au kugeuka. Ule mkia mrefu kama mwiba unaouona leo nyuma ya ndege za upimaji ndimo kinamokaa kipimo, na usahihishaji unaofanywa na kompyuta kwa sasa unatokana na hesabu za wakati ule.

Vita haijaisha, wajiolojia wa serikali ya Marekani, akiwemo James Balsley, wakakiazima kifaa. Mwaka huo huo wa 1944 walikirusha juu ya Boyertown, Pennsylvania, penye migodi ya chuma ya zamani, ili kuona kama hewani patatoa ramani ile ile inayojulikana ardhini. Ikatoa. Muda si mrefu Kanada ikapata ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1949 upimaji wa ndege ulionyesha anomali kali karibu na mji mdogo wa Marmora, Ontario, mahali ambapo juu ya ardhi huoni kitu ila mawe ya chokaa. Walipochoronga kupita zaidi ya mita 30 za chokaa, wakakuta chuma. Mgodi ulifunguliwa 1955 ukafanya kazi hadi 1978. Hakuna dira ya kutembea nayo iliyokuwa imefika pale kwa mpango, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda.

Hapo ndipo lilipozuka wazo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kifaa chenyewe: kwamba serikali ipime nchi nzima, iwe na sababu au isiwe nayo, kisha ramani iuzwe kwa bei ya karatasi kwa yeyote. Kanada ilianza mpango wa namna hiyo na majimbo yake mwaka 1961, chini ya Lawrence Morley wa idara ya jiolojia. Kampuni binafsi ziliruka, serikali ililipa, na matokeo yakawa mali ya umma.

Morley anastahili neno zaidi. Mtu aliyezoea kutazama ramani za sumaku kutwa nzima huona mambo. Mwaka 1955 meli ya Marekani, Pioneer, ilikuwa imevuta kipimo cha sumaku nyuma yake mbele ya pwani ya magharibi, na ramani iliyotoka ilikuwa na milia kama punda milia, mstari wenye nguvu, mstari dhaifu, mamia ya kilomita. Hakuna aliyejua sababu. Vacquier mwenyewe, wakati huo akiwa taasisi ya Scripps, California, alionyesha kwamba milia hiyo imekatwa na kusogezwa zaidi ya kilomita elfu moja. Morley akaelewa: sakafu ya bahari inazaliwa katikati, inaganda, inashika mwelekeo wa sumaku ya wakati wake, na sumaku ya dunia hugeuka mara kwa mara. Mwaka 1963 aliandika makala. Majarida mawili yakaikataa, moja likimjibu kwamba maneno kama hayo yanafaa kwa mazungumzo ya sherehe. Mwezi Septemba mwaka huo Waingereza Fred Vine na Drummond Matthews wakachapisha wazo lile lile, kwa vipimo vilivyochukuliwa na meli HMS Owen juu ya safu ya Carlsberg, katika Bahari ya Hindi, bahari yetu. Kwa njia hiyo hiyo ya milia, watafiti baadaye waliweza kueleza safari ya Madagaska: ilivyokuwa imeshikana na pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania, ikateleza kwenda kusini, na kutulia zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Mvuvi wa Kilwa anatega nyavu ukingoni mwa kovu hilo.

Barani Afrika, wazo la kupima nchi nzima lilipata mfano mzuri Botswana. Sehemu kubwa ya nchi hiyo imefunikwa na mchanga wa Kalahari, na mjiolojia anayetembea juu yake haoni mwamba siku nzima. Upimaji wa ndege wa 1975 hadi 1977, ambao Colin Reeves alishiriki kuutafsiri, uliuondoa mchanga huo kwenye karatasi. Zikajitokeza mbavu ndefu za miamba ya volkeno iliyopenya kwenye nyufa, mamia yake kwa pamoja, zikikatiza nchi. Tanzania ilifuata mara moja.

Mjomba wangu alikuwa akilima pamba Nzega ndege ilipopita. Alinisimulia kwamba ilikuja asubuhi kutoka upande mmoja, ikapotea, ikarudi pembeni kidogo ya njia yake ya kwanza, na hivyo hivyo siku kadhaa. Wazee walidhani inapuliza dawa ya kweleakwelea. Wakasubiri ndege waharibifu wafe, hawakufa. Hakuna aliyekuja kuwaeleza. Hilo nalilaumu mpaka leo, maana watu wanaolala juu ya mwamba wana haki ya kujua nani anausoma na kwa nini.

Wakati ule hapakuwa na GPS. Kazi za aina hii zilitegemea kamera iliyofungwa tumboni mwa ndege, ikipiga picha za ardhi mfululizo. Jioni, filamu ilisafishwa na watu wakakaa mezani kulinganisha kila mti mkubwa, kila njia ya ng'ombe na kila kona ya mto na picha za anga, ili wajue ndege ilikuwa wapi ilipoandika namba ile. Kulikuwa na chombo kingine kilichoachwa ardhini mahali pamoja, kikirekodi namna sumaku ya dunia inavyopanda na kushuka kwa sababu ya jua, ili mabadiliko ya saa yasidhaniwe kuwa ni miamba. Siku ya dhoruba ya sumaku ndege haikuruka. Kisha zikachorwa ramani za mistari ya nguvu sawa, karatasi kwa karatasi, kwa robo digrii, zile ambazo wajiolojia wote nchini huziita QDS. Hazina ya karatasi hizo iko Dodoma, katika taasisi ambayo mizizi yake ni idara ya jiolojia iliyoanzishwa miaka ya 1920 chini ya Edmund Teale, na ambayo leo ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST.

Ramani ikishachorwa, kazi ngumu ndipo inaanza, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi hukosea wanapokuja kwetu. Vitabu vya kusoma ramani hizi viliandikwa kaskazini. Kule mistari ya sumaku ya dunia inaingia ardhini karibu wima, na mwamba wenye magnetiti unaonekana kama kilima: pale penye kilele, chini yake pana mwamba. Kwetu mistari hiyo haiingii. Inatoka ardhini, tena imelala. Mwinamo wake Mwanza haufiki digrii 30, na Songea unapita 40. Hesabu inasema kwamba kwa mwamba mdogo uliojikusanya, mwinamo ukiwa chini ya digrii 35 hivi, juu yake kabisa utakuta bonde, si kilima. Kilima kinasogea kaskazini, bonde linakaa juu ya mwamba na kuelekea kusini. Mtu akichoronga kwenye kilele kule Kahama, anaweza kuukosa mwamba wake kabisa. Kuna na la pili: ukanda wa miamba uliolala kaskazini hadi kusini hutoa ishara hafifu kadiri unavyoikaribia ikweta ya sumaku, ambayo inapita Ethiopia. Usipouona, haimaanishi haupo.

Vladimir Baranov alitoa mwaka 1957 hesabu ya kuihamisha ramani, kana kwamba nchi imepelekwa ncha ya dunia ambako mistari ni wima. Ni hesabu nzuri, lakini karibu na ikweta ya sumaku inakuza makosa ya upimaji na kuyafanya yaonekane kama mikanda ya miamba. Ndiyo maana wengi wetu Afrika Mashariki tunapenda njia ya Misac Nabighian ya 1972, iliyoboreshwa miaka ya 1990, ambayo inatafuta kingo za mwamba bila kujali sana mwinamo. Na kwa kina, bado nawapa wanafunzi rula na kanuni ya Leo Peters ya 1949: pima urefu wa mteremko wa anomali. Mteremko mkali, mwamba uko karibu. Mteremko mpana, uko mbali chini. Kompyuta inafanya hivyo kwa sekunde, lakini aliyeanza na rula anajua lini kompyuta inadanganya.

Zikisomwa vizuri, karatasi zile zinazungumza. Kusini mwa Ziwa Victoria utaona mikanda iliyojipinda: ni miamba ya chuma yenye matabaka, yenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Dhahabu ya Geita imekaa ndani na kando ya miamba hiyo. Juu yake kuna udongo mwekundu uliokauka na mbuga nyeusi, lakini sumaku haizuiwi na udongo, kwa hiyo mkanda unafuatika hata pale unapozama. Utaona mistari myembamba iliyonyooka kama imechorwa kwa rula: ni nyufa zilizojaa mwamba mweusi. Utaona pia viduara vidogo vilivyojitenga, na baadhi yake ni mabomba ya kimbalaiti, aina ya mwamba inayobeba almasi ya Mwadui. Kipimo cha mionzi kilichokuwa ndani ya ndege zile zile kiliwapa watafutaji wa urani mahali pa kuanzia.

Ukimya nao ni habari. Uganda ilipima bonde la Albert kwa ndege mwaka 1983. Katika sehemu tatu ishara zilikuwa pana na tulivu, maana yake miamba yenye sumaku iko mbali sana chini na juu yake pamejaa mashapo. Mashapo mazito ndiyo nyumba ya mafuta. Visima vilivyothibitisha mafuta ya biashara vilikuja 2006, yaani miaka 23 baadaye, baada ya kizazi cha wajiolojia wa Uganda kuzitunza takwimu hizo na kuziongezea nyingine. Nchi hiyo ikaja kupima upya kwa ubora zaidi karibu asilimia 80 ya eneo lake, ikaiacha Karamoja kwanza kwa sababu ya usalama.

Kwetu pia laini za kilomita moja zimezeeka. Vipimo vya sasa vinatumia mvuke wa sizimu na vinaona sehemu ya elfu moja ya nanotesla. Laini zinaachana kwa mita mia chache, na GPS imeondoa kamera. Serikali ilipotangaza lengo la kufika asilimia 50 ya nchi ifikapo 2030, ilisema kwamba asilimia 16 ndiyo iliyokuwa imepimwa kwa undani huo. Naunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti moja: matokeo yawe ya umma, yafike mikoani, na wanavijiji waelezwe kabla ndege haijapita.

Namalizia na ndugu zangu wachimbaji wadogo. Nimewaona mkiuza ng'ombe ili kumlipa mtu mwenye kijisanduku kinacholia, anayeapa kwamba kinaona dhahabu. Hakuna ndege wala kijisanduku kinachoona dhahabu kwa sumaku, kwa kuwa dhahabu si sumaku. Kinachoonekana ni mwamba unaoweza kuibeba na nyufa zinazoweza kuipitisha, na hiyo imeshapimwa tangu 1980. Kabla hamjachangishana fedha za kuchimba duara jingine, tumeni mmoja wenu GST Dodoma na namba ya leseni yenu, aombe karatasi ya QDS ya eneo lenu, ya jiolojia na ya sumaku, na amwombe mjiofizikia wa pale akae naye aisome. Halafu ndipo mchimbe.